Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Msimu mpya wa ligi ya soka ya vyuo vikuu unakaribia, na katika hosteli yetu tumeshampata mkombozi. Ni kijana wa mwaka wa kwanza mwenye umri wa miaka 19. Hajacheza hata mechi moja rasmi ya chuo. Ameonekana mazoezini mara nne, labda tano, na mara moja katika mechi ya kirafiki ambayo nusu yake ilichezwa mvuani. Hata hivyo, wimbo wake umeshatungwa. Muuza chapati wa getini ametangaza kwamba rolex ya mayai matatu sasa inaitwa kwa jina lake. Katika kundi letu la WhatsApp watu hawabishani kama atafunga. Wanabishana kama atafunga mabao 15 au 20, ilhali tukitolewa mapema timu nzima haitafikisha hata mechi 10.

Ninaandika insha hii kumtetea kijana huyo kabla hajakosea. Najua ni jambo la ajabu kumtetea mtu ambaye hajashtakiwa. Lakini hapa kwetu hukumu huandikwa mapema, na kinachosubiriwa ni kosa tu. Mwaka jana niliiona hukumu ya namna hiyo ikitekelezwa, tena niliiona kwa karibu, kwa sababu mtuhumiwa alilala kitanda cha juu na mimi nikalala cha chini.

Basi niseme msimamo wangu mapema ili asiyetaka kuusoma aende zake. Matarajio tunayomtwika mchezaji mmoja kabla ya msimu kuanza si mapenzi kwa timu. Ni njia yetu ya kukwepa kazi iliyo yetu. Tunamchagua mtu mmoja, tunamkabidhi kila tunachokitamani, kisha tunakaa kitako kungoja atuletee. Akileta, tunasema tulijua. Asipoleta, tunasema alijisahau. Katika hali zote mbili sisi hatuna deni.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunapaswa kuwa waangalifu na maneno. Kutumaini ni shughuli ya moyo wangu mwenyewe. Nikitumaini na jambo lisiwe, hasara ni yangu. Kutarajia nako kunahitaji sababu: anayeona mawingu meusi juu ya Ziwa Nalubaale hutarajia mvua. Tunachokifanya kila mwanzo wa msimu hakimo katika maneno hayo mawili. Ni kudai. Tunafungua daftari, tunaandika jina la mtu, tunaandika kiasi anachodaiwa, na mtu mwenyewe hajakopa kwetu hata shilingi mia.

Mwenzangu wa chumba nitamwita Kumi, kwa sababu ndiyo jezi aliyoivaa. Chuo chetu sitakitaja, wala sitamtaja mtu. Watakaotambua watatambua, na nawaomba wanyamaze.

Lazima niungame kwamba mimi ndiye niliyeanzisha. Katika mechi ya vitivo Kumi alipiga mpira wa adhabu kutoka mbali, karibu na mstari wa katikati kuliko wa lango, ukaingia pembeni juu. Nilikuwa nimeshika simu. Nikairusha video ile kwenye kundi la hosteli, na chini yake nikaandika kwamba mwaka huu kombe linakuja nyumbani. Niliandika kwa furaha, bila kufikiri, kama mtu anavyopiga vigelegele harusini. Kufikia usiku video ilikuwa imezunguka vitivo vyote. Kufikia mwisho wa wiki watu nisiowajua walikuwa wakigonga mlango wetu kumtazama. Mmoja alimwambia ameweka dau na wenzake wa hosteli ya jirani kwamba hatutafungwa mechi hata moja. Kumi alicheka. Mgeni alipoondoka, akaniuliza, “Sasa huyu, nikifungwa, nitamlipa mimi?”

Ningependa wenzangu wajue siku ya mtu huyo ilikuwaje, kwa sababu wengi wetu tulimfahamu kwa dakika 90 tu. Saa mbili asubuhi alikuwa darasani. Mchana alikula posho na maharage kama sisi, akaongeza maharage akiwa na hela. Saa kumi jioni alikuwa uwanjani, na uwanja wenyewe mnaujua: upande mmoja umeinuka, upande wa pili mvua ikinyesha unafaa kufuga kambale. Saa moja usiku alirudi, akaoga akiyakuta maji, akakaa na vitabu vyake. Saa saba za usiku nilikuwa nikigeuka kitandani na kuona mwanga wa simu juu yangu. Alikuwa akisoma mambo tuliyokuwa tukiyaandika kumhusu. Aliyasoma yote. Alijua nani amesema atafunga mangapi.

Mechi ya kwanza tulitoka sare. Ya pili tulifungwa, naye akaumia kifundo cha mguu. Usiku ule nilikwenda kumnunulia barafu kwa mama anayeuza juisi, tukaifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuikaza kwa soksi. Hiyo ndiyo iliyokuwa huduma ya kwanza, na ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Kocha, ambaye ni mtu mwenye busara kuliko sisi, akasema mechi ya tatu asicheze.

Mechi ya tatu ilikuwa nyumbani. Kipindi cha pili tulikuwa nyuma kwa bao moja. Ngoma zikasimama, na upande wetu ukaanza kuliita jina lake. Kwanza walikuwa watu wachache karibu na mti wa mwembe, kisha upande mzima. Niliita pamoja nao. Mimi niliyeifunga barafu ile kwa mikono yangu, niliita. Tuliita hadi kocha akageuka kutuangalia, akageuka kumwangalia Kumi, na Kumi akainua mkono kuonyesha kwamba anaweza. Aliingia. Dakika za mwisho tukapata penalti. Mpira ukapita juu ya lango na kuangukia kwenye bustani ya migomba ya jirani.

Sitayarudia maneno yaliyofuata. Yalikuwa ya Kiganda, ya Kiingereza, na mengine, kwa aibu yangu, ya Kiswahili fasaha. Walioimba jina lake wiki tatu kabla ndio waliosema ameuza mechi. Mmoja alipitisha karatasi chini ya mlango wetu. Mhula ulipoisha Kumi alikuwa na mitihani miwili ya kurudia, na ufadhili wake wa michezo, uliokuwa ukimpunguzia ada, haukuendelezwa. Mwaka huu hayuko. Yuko kwao, anamsaidia mjomba wake dukani na kutafuta ada. Kitanda cha juu kina mtu mwingine.

Sisemi kwamba mashabiki ndio waliomfelisha mitihani. Mtu hufeli kwa sababu nyingi, na yeye mwenyewe aliniambia kwamba kuna vipindi alivyokosa bila sababu ya maana. Ninachosema ni kwamba tulimwongezea mzigo mtu ambaye tayari alikuwa amebeba, na tulimwongezea kwa urahisi kwa sababu haukuwa mabegani mwetu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tulimwona amebeba kanda, tukadhani ndani kuna usufi, kumbe kuna mawe, na baadhi yake tuliyatia sisi.

Hosteli nzima ilieleza yaliyotokea kwa methali nyingine: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nilisikia methali hii mara nyingi mhula ule hata nikaanza kuichukia. Ni methali nzuri ikitumiwa mahali pake. Lakini hebu tuitazame kama tulivyofundishwa katika fasihi simulizi, kwa kuangalia nani anafanya nini. Mgema wa methali ni fundi. Ameshapanda mnazi, ameshagema, watu wameshakunywa na kuridhika, ndipo sifa zikaja. Akaharibu kwa kiburi. Je, Kumi alikuwa mgema huyo? Hatukunywa chochote kwake kabla ya kumsifu. Tulimsifu kwa mpira mmoja wa adhabu. Tulilewa kabla tembo halijashuka kutoka mnazini, kisha asubuhi tukaamka na kichwa kinauma, tukamlaumu mgema. Hapo aliyejisahau ni mnywaji.

Kampala haipaswi kuhitaji somo hili. Timu yetu ya taifa, Cranes, ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Accra mwaka 1978, ikafungwa na Ghana 2–0. Baada ya hapo tulikaa miaka 39 bila kurudi kwenye mashindano hayo. Wazee wetu wamezeeka wakingoja, na sisi tumezaliwa tukikuta watu wakingoja. Tarehe 8 Oktoba 2011 uwanja wa Namboole ulijaa. Tulihitaji ushindi dhidi ya Kenya, tukatoka 0–0. Oktoba 2012, uwanja ule ule, tuliwafunga Zambia, waliokuwa mabingwa wa Afrika, 1–0, kisha tukatolewa kwa penalti 9–8. Aliyekuwa na umri wa kutosha anakumbuka namna safari ya kurudi nyumbani ilivyokuwa, na namna kila teksi ilivyokuwa na jina la mtu wa kulaumiwa.

Mlango ulifunguka tarehe 4 Septemba 2016. Farouk Miya, akiwa na miaka 18, alifunga bao pekee dhidi ya Komoro pale Namboole, na Uganda ikafuzu kwenda Gabon. Watakaonipinga wataanzia hapa. Watasema: unaona, mtu mmoja alitosha, kijana mdogo kuliko huyo wa mwaka wa kwanza, na taifa zima lilikuwa mabegani mwake. Nami nawaomba wahesabu upande wa pili wa karatasi. Katika mechi zote sita za kundi lile lango la Uganda lilifungwa mara mbili tu. Denis Onyango alikuwa langoni, mabeki walikuwa mbele yake, na kocha Milutin Sredojević, tunayemwita Micho, alikuwa na kikosi kinachojua kuzuia. Bao moja la Miya lilitosha kwa sababu watu wengine kumi walikuwa wamehakikisha kwamba moja linatosha.

Tazama kilichofuata Gabon, Januari 2017. Tulifungwa na Ghana 1–0, tukafungwa na Misri 1–0, tukatoka sare na Mali 1–1. Bao letu pekee katika mashindano yote lilifungwa na nani? Na Miya yule yule. Hakuwa amepungua. Alifanya kazi yake kama alivyoifanya Namboole, na bado tukarudi nyumbani baada ya mechi tatu. Mchezaji mmoja anaweza kuwa bora na timu ikashindwa. Hilo si fumbo, ndivyo mpira ulivyo.

Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. Huko Marekani mpira wa vyuo ni shughuli kubwa kiasi kwamba viwanja vingine vya vyuo huchukua watu wapatao 100,000. Ni mpira wao wa Kimarekani, ambao mikono hutumika zaidi ya miguu, na ndani yake kuna mchezaji anayeitwa kwotabeki. Karibu kila shambulizi huanzia mikononi mwake: yeye ndiye anayeamua kurusha, kumpa mwenzake au kukimbia nao. Kwa hiyo mashabiki wote humkazia macho yeye. Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Texas kiliingia msimu kikiwa kimepangwa nambari 1 katika kura ya waandishi wa habari ya Associated Press, mara ya kwanza katika historia ya chuo hicho kupewa nafasi hiyo kabla ya msimu. Kwotabeki wao alikuwa Arch Manning. Babu yake, Archie, alicheza nafasi hiyo. Baba zake wadogo, Peyton na Eli, walicheza nafasi hiyo na kutwaa ubingwa wa ligi ya kulipwa. Huyu kijana alitajwa kuwa ndiye atakayechukua tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Kabla ya hapo alikuwa ameanza mechi mbili tu.

Mechi mbili! Huo ndio ushahidi uliotosha kumtawaza. Tarehe 30 Agosti 2025 Texas walikwenda Columbus kucheza na Ohio State, mabingwa watetezi, wakafungwa 14–7. Mapema Oktoba wakafungwa tena, na Florida, na jina la Texas likatoka kabisa katika orodha ya timu 25 bora. Msimu wa kawaida ulipoisha walikuwa wameshinda mechi 9 na kupoteza 3. Kwa chuo chochote hayo ni matokeo mazuri. Kwa waliokuwa wameandika deni kwenye daftari, yalikuwa hasara. Kijana alikuwa anajifunza kazi yake mbele ya macho ya nchi nzima, na akajifunza, lakini waliomtawaza hawakuwa wamemwachia nafasi ya kujifunza.

Kuna tofauti moja kubwa kati yake na Kumi. Tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo wa Marekani wanaruhusiwa kulipwa na makampuni kwa matumizi ya majina na sura zao. Akitukanwa, angalau ametukanwa akiwa na fedha benki. Kumi alikuwa akipewa soda na nauli ya kurudi. Tumeiga matarajio ya Texas na kuyaweka juu ya uwanja wenye kambale.

Sasa nijibu hoja ambazo nimekuwa nikizisikia tangu nilipoanza kusema haya getini.

Hoja ya kwanza inasema shabiki hana kingine ila matumaini, na ukimnyang'anya hayo umeua mchezo. Nakubaliana na nusu ya kwanza. Mimi mwenyewe ni shabiki, na mechi ya kwanza nitakuwa pale na ngoma. Sijamwomba mtu aache kutumaini. Naomba matumaini yake yaivae timu, yasimvae mtu mmoja, na yawe na mlango wa kutokea bila kumkanyaga mtu. Anayesema “naomba tufike robo fainali” ametumaini. Anayesema “huyu asipofunga mabao 15 ni bure” ametishia.

Hoja ya pili inasema mchezaji mzuri hukomaa kwa shinikizo, kama dhahabu inavyosafishwa motoni. Mfano ni mzuri, lakini sonara hupima moto. Anajua dhahabu ni kiasi gani, anajua wakati wa kuitoa. Sisi tunatupa kuni tu, kila anayepita anatupa lake, kisha tunasema iliyoungua haikuwa dhahabu. Shinikizo linalomkomaza mchezaji hutoka kwa kocha anayemjua, kwa mpinzani aliye mbele yake, na kwa nafsi yake mwenyewe. Karatasi iliyopitishwa chini ya mlango haijawahi kumfundisha mtu kupiga penalti.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na huletwa na wanaolipa ada kamili: anapata ufadhili kwa sababu ya mpira, basi ana deni. Ndiyo, ana wajibu. Afike mazoezini, ajitunze, acheze kwa nguvu zake zote, asome. Hayo yote yamo katika uwezo wake na anaweza kuulizwa. Lakini kombe halimo katika uwezo wa mtu mmoja. Mwenzetu anayesomeshwa kwa alama zake za fizikia hatumdai avumbue kitu kabla ya mwezi wa Novemba. Tunamdai asome. Kwa nini mwanasoka tumdai muujiza?

Haya yote, hata hivyo, ni majibu tu. Ninalotaka tulizungumze hasa ni maswali ambayo hatukuyauliza mwaka jana kwa sababu tulikuwa na Kumi. Tulipokuwa na jina la kuimba, hatukuuliza ni nani anayetibu wachezaji wakiumia. Hatukuuliza kwa nini timu ilianza mazoezi ya pamoja wiki tatu tu kabla ya mechi ya kwanza. Hatukuuliza wanakula nini siku ya mechi. Kila mmoja wetu hulipa ada ya michezo pamoja na ada nyingine. Hatukuuliza inafanya kazi gani. Uwanja umeinama tangu nilipofika, na sijawahi kumsikia mgombea hata mmoja wa serikali ya wanafunzi akiutaja. Anataja mabao. Mkombozi ana faida hiyo kwa kila mwenye wajibu: akiwapo, hakuna mwingine anayeulizwa. Watawala wa michezo wanapumua, viongozi wetu wanapumua, na sisi tunapumua. Yeye peke yake ndiye anayetweta.

Wahadhiri wetu, nanyi niwaombe kwa heshima zote. Mchezaji anapoleta barua kwamba siku ya jaribio alikuwa safarini na timu, wapo kati yenu wanaompangia siku nyingine, na tunawashukuru. Wapo wanaosema kwamba alichagua mpira, basi avune alichopanda. Siombi apewe alama za bure. Kumi mwenyewe angeona haya kuzipokea. Naomba afanye jaribio lile lile siku nyingine. Chuo hakiwezi kumtuma mtu kwa mkono wa kulia na kumwadhibu kwa kwenda kwa mkono wa kushoto.

Na sisi mashabiki? Nina mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti.

La kwanza, tujifunze majina. Wiki iliyopita niliwauliza watu tisa katika korido yetu wanitajie kikosi chetu. Hakuna aliyefika majina sita. Mimi nilifika manne, na mimi ndiye ninayeandika insha. Wote tisa walimtaja kijana wa mwaka wa kwanza kwanza. Beki wetu wa kati amecheza miaka mitatu na hakuna aliyemkumbuka. Mtu asiyejua majina ya timu yake hana haki ya kusema kwamba ameivunjika moyo.

La pili, sauti yetu isiingie kwenye benchi la ufundi. Mchezaji akiwa ameketi kwa sababu ameumia, tumwache aketi. Wimbo wetu una nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka jana ulimwinua mtu aliyepaswa kukaa, nami nilikuwa mmoja wa waimbaji. Sijaweza kuusikia wimbo ule tangu siku hiyo.

La tatu, tuhesabu deni letu kabla ya deni la mtu mwingine. Kabla ya kuandika kwamba fulani lazima afunge, mtu ajiulize mwaka huu amefanya nini kwa timu hiyo. Amekwenda mazoezini? Amebeba maji? Amempa mchezaji daftari lake anukuu kipindi alichokosa? Amesimama kwenye mkutano wa wanafunzi akauliza kuhusu uwanja? Kama hajafanya lolote, basi atumaini kimya kimya kama mpita njia, asijifanye mdai.

Jana jioni nilikuwa kwenye foleni ya rolex. Kijana wetu alikuwa nyuma yangu, ameshika viatu mkononi, vimeunganishwa kwa kamba zake, vina tope. Mtu mmoja akamshika bega na kumwuliza kwa sauti, ili wote tusikie, mechi ya kwanza atafunga mangapi. Kijana akatazama chini, akacheka kidogo, akasema, “Kaka, nitajitahidi.” Watu wakaguna. Walitaka namba.

Mimi nasema jibu lile lilitosha. Ndilo jibu pekee la kweli ambalo mchezaji anaweza kulitoa kabla ya msimu, na tungelikubali, tungekuwa tumeanza vizuri kuliko mwaka jana. Sikumwambia neno, kwa sababu sikutaka kuwa mtu mwingine tena anayemwekea maneno mabegani. Nilimwachia nafasi yangu kwenye foleni, kwa kuwa alikuwa anatoka mazoezini na mimi nilikuwa natoka kulala.

Mazoezi ni kila siku saa kumi jioni isipokuwa Jumapili. Maji ya kunywa hubebwa kwa madumu mawili kutoka kwenye bomba lililo nyuma ya maktaba, na kwa sasa wanayabeba wachezaji wenyewe. Kesho nitabeba dumu moja. La pili linahitaji mtu.